Mchongoma wangu kipenzi una miaka minne, unachanua sana, hauzai. Nimekosea wapi?

Mkulima wa Mkuza (9 Desemba 2023)

Wakuu, habari za jioni. Wanaojua mimea naomba msaada, wasiojua naomba subira, maana maelezo ni marefu.

Niko Kibaha, Mkuza. Mwaka 2018 nilimaliza kanyumba kangu, ikabaki fensi. Fundi akaja na kamba yake, akapiga hesabu ya tofali, saruji, nondo na mchanga kwa upande wa nyuma peke yake, mita 30, akanitajia zaidi ya milioni nne. Nikamshukuru, nikampa soda, akaenda zake. Sasa nyuma ya kiwanja ndiyo njia ya mbuzi na ng'ombe, kuacha wazi haiwezekani. Jirani ameweka minyaa. Sikatai, minyaa inashika haraka, ila mwanangu wa kwanza aliwahi kuingiwa na utomvu wake jichoni, na usiku ule sitausahau. Nikaapa kwangu haiingii.

Ndipo nikakumbuka ua wa babu kule Muheza. Ulikuwa michongoma mitupu, imefungamana hata kuku anatafuta pa kupita. Na ulikuwa unazaa! Matunda madogo ya mviringo, yanaanza mekundu, yakiiva yanakuwa zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Bibi alitufundisha usilile hivihivi. Unaliweka katikati ya viganja, unaliviringisha taratibu kama anayefinyanga udongo mpaka unasikia limelegea ndani, ndipo unalitoboa kwa jino na kufyonza. Ukiwa na haraka ukalila bila kuviringisha, ukakasi unakukausha ulimi mpaka huwezi kutema mate. Shuleni mwalimu wa zamu alikuwa anatukagua vidole, haulizi mtu amechelewa kwa nini.

Basi Machi 2019 nilienda Muheza msibani, nikarudi na matunda kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikayaponda kwenye ndoo, nikaosha mpaka utelezi ukaisha, nikaanika mbegu kivulini siku moja juu ya gazeti. Zilikuwa kama mia mbili. Nikazisia kwenye viriba, udongo na samadi ya mbuzi iliyoiva. Wiki tatu kimya. Mke wangu akawa ananiuliza kama namwagilia viriba au naviogesha. Wiki ya nne zikaanza kutoka, moja leo, mbili keshokutwa, si kwa mkupuo kama mchicha. Mpaka Juni nilikuwa na miche 61. Majani yao machanga yanatoka mekundu-waridi, ukiyaona kwa jua la asubuhi unaweza kusahau kwenda kazini.

Vuli ilipoanza Novemba nikapanda 48 nyuma, nafasi ya sentimita 60 hivi. Mmoja, ule ulionenepa kuliko yote, nikaupanda mbele pembeni ya baraza. Huo niliufanya mtoto wa mwisho: mboji, matandazo, maji ya kuoshea mchele, nikawa naondoa matawi ya chini ili usimame kwa shina moja, tuje tukae kivulini. Watoto wanauita "wa Baba".

Leo ua wa nyuma umebaki na miti 43 (mchwa walikula mitatu, mbuzi wawili... namaanisha mbuzi walikula miwili). Maua ya kwanza yalitoka mwaka jana. Mwaka huu mingi imechanua, na baadhi ina vitunda vya kijani saizi ya punje ya pilipili manga. Lakini wa Baba, ambao una maua kuliko yote, nyuki wanaimba humo tangu alfajiri mpaka saa nne, maua yote yanadondoka. Chini panakuwa kama mtu amemwaga pumba. Tunda hakuna. Mwaka jana vilevile.

Samadi imezidi? Nimeupogoa vibaya? Au udongo wa mbele una kifusi cha ujenzi?

Nyundo7

Uzi mtamu mkuu. Nimevuta kiti.

Mzee Kichuguu

Umeulisha sana huo. Mti ukishiba unaota majani, hauna sababu ya kuzaa. Ndiyo maana miembe ya mtoni inazaa hovyo na ya mlimani inazaa vizuri.

Zamani kwetu mti ukikaidi, wanaenda watu wawili alfajiri na panga. Mmoja anasema, "Huu hauna faida, naukata leo." Mwenzake anauombea, "Muache bwana, mwakani utazaa." Unaugonga kwa ubapa mara tatu, mnarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Mwembe wa marehemu baba ulizaa baada ya hapo, nimeona kwa macho yangu.

Nyundo7

Mzee shikamoo. Na mchongoma nao unajua Kiswahili?

Mzee Kichuguu

Marahaba. Huo umetoka Muheza, umsemeshe Kibondei.

Kijana wa Njiro

Mbona mnanichanganya. Huku Arusha ua wa michongoma upo kila mtaa, na matunda yake ni ya njano, makubwa kama limau changa, machachu mpaka masikio yanasimama. Hayo meusi ya kuviringisha ndiyo nini?

Bint Pangani

Wa Njiro, hiyo yenu ni kayaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika, ililetwa kwa ajili ya ua, ikapenda baridi ya huko kwenu na Nairobi. Shida ni kwamba watu wetu kila ua wenye miiba wanauita michongoma, sawasawa na kila dawa ya meno kuiita jina la kampuni moja.

Mchongoma anaousema mwenye uzi ni mti wetu wa asili. Upo porini tangu pwani mpaka bara, na huko Asia upo pia, ndiyo maana wataalamu waliupa jina la *Flacourtia indica*. Jani lake pembeni lina meno meno ya duara, ukilivunja halitoi maziwa. Shina lina miiba mirefu inayochipua miiba mingine juu yake. Hakuna mwizi atakayejaribu mara mbili.

Kaka wa Mkuza, kabla hujaenda na panga alfajiri, nifanyie kitu kimoja. Kesho asubuhi chuma ua moja la mti wa mbele, na lingine kwenye mti wa nyuma wenye vitunda. Yaweke juu ya karatasi nyeupe, uyaangalie kwa karibu sana, utuandikie unachokiona katikati. Picha usitume, ua lenyewe dogo kuliko punje ya mchele na simu zetu mnazijua.

Mkulima wa Mkuza (10 Desemba)

Dada Bint Pangani, nimefanya. Nimeazima na miwani ya mama mkwe.

Ua la mti wa mbele: halina petali, ni vijani vidogo vya kijani vimezunguka, na katikati kumejaa vinyuzi vya njano vingi sana, kama brashi ya kunyolea. Nikiligonga kwa kidole linaacha vumbi la njano kwenye karatasi.

Ua la mti wa nyuma: vumbi hakuna. Katikati kuna kidonge cha kijani, kinang'aa kidogo, na juu yake kuna vimikono vifupi vimetanuka kama nyota. Nimehesabu vimikono sita. Kidonge hicho nikikilinganisha na vile vitunda vilivyotangulia, ni kilekile.

Nahisi najua utakachosema, na sitaki kukisikia.

Bint Pangani

Pole kaka yangu. Wa Baba ni dume.

Mchongoma kwa kawaida una miti dume na miti jike, kama mpapai. Mara chache unakuta mti mmoja una vyote, ila usiutegemee. Wako umefanya kazi yake yote: maua, chavua, kulisha nyuki. Kuzaa hautazaa, hata uuogeshe kwa maziwa. Na ukipanda kwa mbegu hujui utapata nini mpaka siku ya kuchanua. Nusu kwa nusu, kwa bahati.

Tena usiuchukie. Bila madume hayo vitunda vyako vya nyuma visingeshika. Kule kwetu Pangani nina jirani aliyeng'oa "michongoma isiyozaa" yote, mwaka uliofuata na iliyokuwa inazaa ikagoma. Alituhumu watu.

Nyundo7

Miaka minne mkuu unamwogesha dume mwenzio maji ya mchele.

sepeto_na_reki

Hahaha. "Kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma" nilidhani ni ya kupanda juu ya mti, kumbe hata ya kupanda mche.

Mkulima wa Mkuza

Chekeni tu. Mke wangu nimemsomea huu uzi, kacheka mpaka kakaa chini. Watoto nimewaambia bado kidogo.

Nimezunguka nyuma na karatasi yangu. Iliyochanua ni 31. Jike 17, dume 14. Iliyobaki haijachanua. Naona nimebahatika nyuma, nikakosa palepale nilipopapenda.

Swali: niukate huu wa mbele nipande mwingine?

Mzee Kichuguu

Kata. Mti wa matunda usio na matunda ni kuni.

Bint Pangani

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Kivuli amekipata, na mizizi ya miaka minne haitupwi. Aubebeshe tu. Achukue vikonyo kwenye jike lake linalozaa vizuri, avibebeshe kwenye matawi ya dume, unene wa penseli. Matawi mengine ayaache ya dume yaleyale. Atakuwa na mti mmoja wenye mume na mke juu yake, na baraza yake.

Na kuanzia sasa ukitaka kuongeza miche usiende na mbegu. Kata vipandikizi kwenye jike unalolijua, au chimba machipukizi yanayotoka kwenye mizizi yake. Mbegu ni kwa ajili ya ua mrefu ambapo dume na jike vyote vinafaa.

Kijana wa Njiro

Kwa hiyo hata kayaba?

Bint Pangani

Hata kayaba. Dume na jike mbalimbali.

ochuoga254

Wadau, salamu kutoka Siaya. Nimefuata huu uzi tangu juzi. Sisi hapa tuko na kichaka kingine cha asili, tunakiita ochuoga. Miiba iko, maua ni meupe yenye waridi kwa nje, yananukia usiku kama asumini. Matunda yakiiva ni meusi, matamu kuliko hayo yenu ya kuviringisha, unakula hivyo hivyo kutoka mtini. Mimi nimepanda kando ya geti mwaka wa 2020, na ulizaa mwaka wa tatu. Nataka kujua kama nao una mambo ya dume na jike kabla sijapanda mingine 20.

Bint Pangani

Karibu sana. Huo ni mtandamboo, *Carissa*. Ua lake moja lina sehemu ya dume na ya jike pamoja, kwa hiyo hutapata mshangao wa mwenzetu. Mbegu usizihifadhi, zisie zikiwa mbichi.

Nyundo7

Hilo jina dada umeliandika kama hujaona kitu.

Bint Pangani

Ndilo jina lake, sikulibatiza mimi. Mbele ya wakwe sema ochuoga.

Nguvu Mpya

Wakuu nasikia mizizi ya huo mtandamboo ni kiboko kwa nguvu za kiume. Nani anauza? Nipo Mbagala, nakuja inbox.

sepeto_na_reki

Nilikuwa najiuliza huyu atafika ukurasa wa ngapi.

Mzee Kichuguu

Wamasai wanaichemsha mizizi yake kwenye supu ya nyama, ni kweli, nimeinywa Longido. Supu ni tamu. Nilichopata ni kushiba. Wewe kijana nenda hospitali, huu uzi ni wa bustani.

Mzee wa Mutomo

Nimesoma yote, mimi ni mtu wa Kitui. Mtandamboo kwetu ni mukawa. Kuhusu kuchimba hovyo na kula hovyo, tafadhali nisikilizeni hapa pazuri, kwa sababu jambo hili limemaliza watu.

Kuna mti unaofanana na mukawa kama ndugu wa tumbo moja. Sisi tunauita kivai, Waswahili wanasema msunguti. Majani yanakaa mawilimawili yakitazamana, vilevile. Maua meupe yenye waridi, yananukia vilevile. Ukikata, maziwa meupe yanatoka vilevile. Tunda likiiva ni zambarau iliyokolea, vilevile. Huo ndio mti wa sumu ya mishale. Wakamba na Wagiriama na Waliangulu, wazee wetu walichemsha mbao zake mpaka ikabaki kitu cheusi kama lami, na mshale uliopakwa uliangusha ndovu pale Tsavo. Sumu yake inakamata moyo.

Tofauti ni moja ya kushika kwa mkono: mukawa una miiba, kivai hauna hata mmoja. Watoto wangu niliwafundisha hivi: huoni mwiba, hutii mdomoni. Na yule anayenunua mizizi mtandaoni, mzizi hauna miiba. Utajuaje umeuziwa nini?

Nguvu Mpya

Nimeelewa mzee. Asante.

ochuoga254

Mzee wa Mutomo, ubarikiwe. Nimetoka nje saa hii na tochi kuangalia kichaka cha geti. Miiba iko. Nimejidunga nayo ndio niwe na uhakika.

Mama Wawili

Samahani naingilia. Mimi niko Tegeta, nina ule ua wa vitunda vya manjano vinavyoning'inia kama shanga, na maua ya zambarau. Wanangu wanachezea. Huo nao unaliwa?

Bint Pangani

Hapana mama, hauliwi kabisa! Huo ni wa kutoka Amerika, unapandwa kwa urembo tu na vitunda vyake ni sumu. Wazoeshe kabisa wasitie mdomoni, au ukate kabla haujazaa.

Mama Wawili

Nashukuru. Fundi bustani aliyetuuzia alisema ni "matunda ya ndege". Kesho nakata.

sepeto_na_reki (14 Januari 2024)

Mwenye uzi, hujatuambia habari ya kupogoa. Mimi nina mita 12 za mchongoma Bagamoyo, na mwaka huu nimegombana na mtaa mzima. Nilikata matawi nikayarundika nje ya ua nikisubiri yakauke. Mvua ikasomba. Bajaji mbili zilipata pancha siku moja na dereva mmoja akaja na mwiba mkononi kama ushahidi wa mahakamani. Nimelipa viraka viwili.

Mkulima wa Mkuza

Hahaa pole. Mimi nilijifunza kwa mguu wangu mwenyewe, mwiba ulipita kwenye kandambili kama kwenye mkate. Sasa nafanya hivi: napogoa mara baada ya kuvuna, si wakati mwingine wowote, maana ukipogoa karibu na vuli unakata maua. Navaa buti na glavu za ngozi, zile za kitambaa ni mapambo. Nalaza turubai kuukuu chini kabla ya tawi la kwanza. Nikimaliza nakunja turubai na vyote vilivyomo, nachoma palepale shimoni. Halafu napita na sumaku... hapana, sumaku haishiki miiba, nilijaribu. Napita na reki mara mbili.

Kwa kuufanya ushikamane chini: mwaka wa kwanza nilikata vichwa ikiwa magotini. Roho iliniuma, lakini ndipo ilipotoa matawi ya pembeni. Ile minne ambayo nilionea huruma, mpaka leo chini ni miguu mitupu na hapo ndipo kuku wanapita. Kiangazi cha kwanza nilimwagilia kila wiki, nusu ndoo ndogo kwa kila mche. Kiangazi cha pili sikumwagilia hata tone. Inapukutisha majani inaonekana imekufa, ukikwaruza gome chini bado kijani. Jirani aliniambia niipige moto.

Kijana wa Njiro

Ilichukua muda gani mpaka mbuzi akashindwa kupita?

Mkulima wa Mkuza

Miaka mitatu na nusu, na nilizungusha waya wa seng'enge nyuzi mbili kwa nje kuilinda miche. Mwenye haraka aende kwa yule fundi wa milioni nne.

Mkulima wa Mkuza (21 Aprili 2024)

Wakuu, mrejesho.

Nimevuna. Jike 17, mengine machanga bado, nimepata ndoo moja ya lita 10 na nusu yake, ukiacha yaliyoishia kwa ndege. Shore wanajua tunda limeiva siku moja kabla yangu. Watoto wangu, ambao zabibu za supamaketi wanazilalamikia, nimewafundisha kuviringisha. Mdogo aliviringisha kwa nguvu likampasukia kwenye shati la shule. Mama yao hakufurahi. Mimi nilifurahi.

Kingine, mama yangu mzazi alikuwa kwangu Pasaka. Nilimwekea sahani hakuambiwa kitu. Alichukua moja akaanza kuliviringisha huku anaongea na mtu mwingine, wala hakuliangalia. Baadaye ndiyo akanyamaza, akauliza, "Haya umeyatoa kwa nani?"

Sasa habari ya kubebesha. Wiki ya pili ya masika nilichukua vikonyo sita kwenye jike namba 9 (nimeyapiga namba kwa rangi). Nikakata matawi sita ya wa Baba, nikapasua katikati, nikachonga kikonyo kama kabari, nikakitumbukiza gome kwa gome upande mmoja, nikafunga kwa utepe wa mfuko wa nailoni mpaka juu. Fundi wa miembe mtaani alinielekeza, ingawa alikataa kunifanyia baada ya kuona miiba. Vinne vimekauka. Viwili vina vichipukizi vyekundu.

Bint Pangani

Viwili kati ya sita kwa mara ya kwanza, tena kwenye mti wenye silaha, ni vizuri sana. Chini ya hapo ulipobebesha kata kila chipukizi la dume litakalojitokeza, litavinyima chakula. Utepe usiufungue mpaka Juni.

Matunda umefanyia nini? Mimi najaza sufuria, maji ya kufunika tu, nachemsha mpaka yapasuke, nachuja kwa chujio la nazi kutoa mbegu, maana mbegu ni nyingi na hazitafuniki. Kile kizito kilichobaki, kikombe kwa robo tatu kikombe cha sukari, narudisha jikoni mpaka tone likigandishwa kwenye sahani halikimbii. Limau halihitajiki, uchachu wake unatosha. Kwenye chapati ya moto hiyo jamu haina mpinzani.

Mkulima wa Mkuza

Tumefanya juisi ikaisha siku hiyohiyo. Jamu mwakani inshallah.

Mzee Kichuguu

Kwa hiyo hamkuugonga na panga?

Mkulima wa Mkuza

Mzee, nitasema ukweli. Nilienda alfajiri moja na shemeji. Hatukuugonga, tulisema tu maneno.

ochuoga254

Na kama mtu hana babu Muheza, mbegu anatoa wapi?

Bint Pangani

Kwa huku Tanzania jaribu kituo cha mbegu za miti Morogoro, siku hizi kiko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kwenu Kenya ulizia KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, Muguga. Ila kwa miti hii ya porini, mara nyingi njia ya uhakika ni kumtafuta mtu mwenye ua unaozaa na kumwomba kwa adabu. Chukua kwenye miti mitano sita tofauti, si mmoja.

Mkulima wa Mkuza (16 Februari 2025)

Kwa waliokuwa wananiuliza kwenye ujumbe wa pembeni: kikonyo kimoja kilivunjika Agosti, mpira wa watoto. Kilichobaki kimekuwa tawi la urefu wa mkono wangu. Novemba lilitoa maua, nikaenda na miwani ya mama mkwe, nikakuta vidonge vya kijani. Sikumwambia mtu. Vikashika vinne.

Kimoja kilidondoka kikiwa kichanga. Viwili shore kawahi. Cha mwisho nilikifunga na kipande cha chandarua, na leo asubuhi kimekuwa cheusi. Tumekaa wote barazani, tukakiviringisha kwa zamu, watu watano, tunda moja. Kilipofika kwangu kilikuwa kama uji.

Wa Baba bado wanauita wa Baba, ila mdogo kaongeza: "upande huu wa Mama."

Nyundo7

Huu uzi ungewekwa juu kabisa.

Mama Wawili

Mkuu mkulima, ule ua wa sumu nilikata, mahali pake pako wazi mpaka leo. Mbegu zako bado zipo? Nikifika Kibaha nakupigia nani?

Mkulima wa Mkuza

Mama, mbegu sikupi. Njoo Aprili mvua zikikolea, uje na viriba vyako na viatu vya kufunika, kuna machipukizi ya jike namba 9 pale nyuma nimekuwekea alama sita. Na moja la dume. Hilo la dume usilisahau.